Akaunti yangu na ya dadangu zimefungwa siku moja. Walijuaje?

MamaViatu_Umoja: Hamjambo wenzangu. Mimi huuza viatu vya mitumba mtandaoni, kamera (vile bora vya kwanza) ya soko la Gikomba. Dadangu anauza vitenge kwenye jukwaa hilohilo: jina lake, kitambulisho chake, laini yake ya M-Pesa. Majuzi alifungiwa kwa malalamiko ya mteja, na kabla ya jioni mimi pia nikafungiwa eti akaunti yangu "inahusiana na iliyosimamishwa". Akitumia laptopu yangu hufungua dirisha la faragha na kufuta vidakuzi, vile vifaili vya tovuti vya kukutambua. Ni IP (anwani ya intaneti) iliyotuchoma?

Fundi_Luthuli: Pole dada. IP peke yake ni ushahidi dhaifu hapa kwetu. Kampuni za simu huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa hesabu hiyo mtaa mzima wa Umoja ungefungiwa.

Kilichowachoma zaidi huenda ni kivinjari chenyewe, programu unayofungulia tovuti. Ukurasa ukifunguka, msimbo wake huuliza kimyakimya: skrini ina upana gani, saa inafuata majira ya wapi, kadi ya michoro ni ipi, fonti zipi zipo. Kisha kivinjari huagizwa kuchora maandishi usiyoyaona. Kadi, fonti na programu zikibadilika, mchoro nao hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo hugeuzwa namba. Hakuna kinachohifadhiwa kwako, kwa hiyo hata ukifuta vidakuzi, dirisha la faragha mara nyingi litachora vilevile. Juzi nimetengeneza mashine ya mchapishaji wa kadi za harusi, imejaa fonti za maua hadi basi. Hiyo haifichiki popote!

Mwaka 2010 EFF, shirika la Marekani la kutetea haki mtandaoni, lilipima vivinjari karibu 470,000, asilimia 83.6 havikuwa na pacha.

Kasarani_Boy: Lakini fundi, hizo laptopu za mtumba kutoka Uingereza mnaziuza kwa mafungu, modeli moja, kadi moja. Si zitafanana?

Fundi_Luthuli: Zitakaribiana, ndiyo. Utafiti wa Ufaransa wa 2018, wenye alama za vivinjari zaidi ya milioni 2, ulikuta za kipekee ni asilimia 33.6 tu, na kwa simu 18.5. Ndiyo maana jukwaa lenye akili huchanganya na mengine: namba ya malipo, mahali pa kuchukulia mzigo, IP hiyohiyo uliyoitaja.

Dada, usinunue vile vivinjari vya kujibadilisha sura. Kikijiita iPhone huku kadi ni ya kompyuta ya mezani, hapo ndipo unashukiwa zaidi. Nyinyi ni wauzaji wawili halali, andikeni hivyo: vitambulisho viwili, laptopu moja. Taja Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 35. Uamuzi uliofanywa na mashine peke yake, ukikuathiri kwa uzito, unaweza kuomba ufikiriwe upya.

MamaViatu_Umoja: Asante kaka. Na kama picha zetu zote tulipigia kwenye mkeka mmoja?

Fundi_Luthuli: Weka na hilo kwenye barua, kabla hawajakuuliza.