Kongo ni Afrika Mashariki au Afrika ya Kati? Mwalimu kamwekea binti yangu kosa

Baba Neema:
Wakuu, heshima kwenu. Binti yangu yuko darasa la tano. Swali la zoezi: "Taja nchi nne za Afrika Mashariki." Kaandika Tanzania, Burundi, Kongo na Somalia. Mwalimu kampa mbili kwa nne. Kongo kosa, Somalia kosa. Nikamtumia mwalimu ujumbe kistaarabu kwamba Kongo imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022 na Somalia tangu 2024. Akanijibu: "Mzazi, jumuiya si jiografia. Kongo ni Afrika ya Kati, Somalia ni Pembe ya Afrika." Nani yuko sahihi? Naomba majibu ya busara, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

Chumvi Kidogo:
Mtoto kakosa mbili, baba kakosa usingizi. Nimekaa paleee na karanga zangu.

Kobe Mwerevu:
Mkuu, shida ni kwamba ramani si moja. Watakwimu wa Umoja wa Mataifa wanaiweka Kongo Afrika ya Kati pamoja na Chad, Gabon na Angola. Lakini hao hao kwenye Mashariki wamemwaga kila kitu: Zambia, Malawi, Zimbabwe, Msumbiji, Madagaska, mpaka Réunion ya Wafaransa. Kusini wamebakiza nchi tano tu. Umoja wa Afrika nao una kanda zake tano: Zambia na Angola zinahamia Kusini, Sudan inahamia Mashariki wakati wale wa New York wanaihesabu Kaskazini, na kali kuliko zote, Rwanda iko Mashariki ila Burundi iko Kati. Mapacha wa tumbo moja, mmoja kalelewa kwa shangazi, mwingine kwa mjomba.

Kwa hiyo mwalimu yuko sawa kwa Kongo. Kwa Somalia kachemka, maana kote kote inahesabiwa Mashariki. Na tuseme ukweli, Kongo ni watu wa Kifaransa na Kilingala, hata Kiswahili chao ni cha kuokoteza. Hiyo ni Afrika Mashariki gani?

Mama Kalemie:
Jambo kwenu bote. Kobe, hilo neno "cha kuokoteza" umelitoa wapi? Mimi ni wa Kalemie, ng'ambo ya Kigoma. Bibi yangu hakujua Kifaransa hata neno moja, na Kilingala alikisikia kwa basoda tu, ndiyo askari. Kiswahili ndicho alichoombea Mungu na ndicho alichotukania wakwe zake. Wewe cha kwako ulikiokota wapi, ku masomo?

Kobe Mwerevu:
Dada yangu, sijatukana mtu, nimeongea kitaalamu. "Batu mingi", "mayi", "eko nakuya". Ngeli iko wapi hapo?

Bint Mkunazini:
Hebu ngojeni kwanza. Tangu lini watu wa bara wakawa waamuzi wa ngeli? Kiswahili cha Kongo kimetoka huku kwetu kwa njia ya misafara. Tippu Tip kazaliwa Unguja, akaweka makao Kasongo, na 1887 akafanywa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Wakati huo hiyo Dar yenu ilikuwa nini? Ilijengwa na Sultan Majid wetu, akafa 1870 hata haijesha.

Mama Kalemie:
Dada, huyo usimtaje kwetu kama mwalimu wa lugha. Hakuja kufundisha ngeli. Alikuja kuchukua batu na pembe.

Bint Mkunazini:
Sijamsifu mtu mie. Nimesema njia iliyopita lugha.

Mama Kalemie:
Na mimi nimesema nini kingine kilipita ku njia hiyo hiyo.

Omera wa Kisumu:
Hii ndiyo sababu siwezi kukaa na Watanzania mezani. Mtu ameuliza Kongo iko wapi, nyinyi mnamsahihisha mama wa watu ngeli. Mkisikia mtu amesema "ako" mnaita polisi.

Chumvi Kidogo:
Mkenya kuingia kwenye mada ya ngeli ni kama samaki kuingia jikoni kwa miguu yake mwenyewe.

Omera wa Kisumu:
Cheka tu. Ngeli zenu zimewasaidia nini? Hizi kanda si za mtihani wa darasa la tano, ni za kugawana vyeo. Februari 2025 ilikuwa zamu ya Mashariki kutoa mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Sisi tukamsimamisha Baba, Raila Odinga. Djibouti wakaweka wao. Madagaska, kisiwa ambacho ukienda mbele kidogo unaanza kutafuta India, nao wakaweka mtu kwa sababu eti wako Mashariki. Lakini Madagaska hao hao ni SADC, jumuiya ya nchi za Kusini! SADC ikawaandikia wanachama wamuunge mkono huyo wa Madagaska. Sasa Tanzania, mko EAC na mko SADC. Mlimpigia nani?

Kobe Mwerevu:
Kura ni ya siri, kaka. Na mtu wa Madagaska alitolewa mapema, kwa hiyo hakuwa tatizo lenu. Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti aliwashinda kwa Kifaransa na Kiarabu, si kwa Tanzania.

Omera wa Kisumu:
Sijauliza alishindaje. Nimeuliza mlimpigia nani.

Chumvi Kidogo:
Mlimpigia nani 🎵 mlimpigia nani 🎵

Mzee Kiroboto:
Marahaba kwa wote mliosahau kuniamkia.

Kijana wa Kisumu, Tanzania haikupelekwa Kusini na ramani, ilipelekwa na vita. 1963 OAU, umoja uliotangulia huu Umoja wa Afrika, iliweka Kamati ya Ukombozi hapa Dar. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walipita humu, wengine tulikaa nao nyumba moja Kinondoni, tukapanga foleni moja ya unga. Ndipo tukaitwa nchi za mstari wa mbele. SADCC, mama wa SADC ya leo, ilipoanzishwa Lusaka 1980, tulikuwamo tangu siku ya kwanza, na lengo lilikuwa kupunguza kuwategemea makaburu. TAZARA nayo, reli ya km 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, ilikamilika 1975 ili shaba ya Zambia isipite Rhodesia kwa Ian Smith. Ukimuuliza mtu wa rika langu Zambia iko upande gani, atakwambia iko upande wetu. Hizi habari za Mashariki na Kusini tumezikuta ukubwani.

Omera wa Kisumu:
Shikamoo mzee. Lakini na 1977 ni nani alifunga mpaka na Kenya?

Mzee Kiroboto:
Na ndege za shirika la jumuiya ya zamani zilizuiwa uwanja gani? Tuanzie hapo.

Omera wa Kisumu:
Miaka sita mpaka umefungwa kwa sababu ya ndege!

Mzee Kiroboto:
Ndege, meli, treni na posta, mjukuu wangu. Ulifunguliwa 1983, baada ya kugawana mali. Ulizia wazee wa Namanga.

Baba Neema:
Wakuu, samahani. Kongo?

Utingo Mstaafu:
Mimi siku hizi ndiye dereva, jina ni la zamani. Niko Tunduma, foleni siku ya tatu, ndiyo maana nimepata muda wa kusoma huu upuuzi wote tangu juu. Ngoja niwape jiografia ya matairi.

Mzigo wa Lubumbashi unatoka bandari ya Dar, Tunduma, Nakonde, halafu unaichana Zambia mpaka Kasumbalesa. Yaani kutoka "Mashariki" kwenda "Kati" lazima ukate "Kusini" kwanza, sijui huyo mwalimu atanipa ngapi kwa nne. Nikivuka geti hapa mbele, saa narudisha nyuma saa moja. Lubumbashi ni saa ile ile ya Zambia. Kinshasa wako nyuma saa moja tena. Nchi moja hiyo, ina saa mbili. Lubumbashi nanunua chakula kwa Kiswahili, nagombana na askari kwa Kiswahili, natoa "ya soda" kwa Kiswahili. Kinshasa sijawahi kufika na sidhani nitafika, hakuna barabara ya kulipeleka hili gari huko.

Narudi na shaba, siku nyingine kobalti. Angola wanafufua reli ya Lobito kwa nguvu zote, na Wamarekani wako nyuma yao. Endeleeni kupigana kuhusu "mayi". Siku shaba yote ikishukia Atlantiki, hapo mtaambiwa Kongo iko Afrika gani, na mimi nitakuwa nauza chipsi.

Bint Mkunazini:
"Ya soda" nayo ni Kiswahili fasaha kweli.

Mama Kalemie:
Asante dereva. Sasa Kobe, niko na swali la kitaalamu kwako, kwa sababu unapenda utaalamu. Ziwa Tanganyika linatokea wapi?

Kobe Mwerevu:
Linatokea wapi kivipi?

Mama Kalemie:
Mayi yanaingia ku mito mingi. Kutoka, yanatoka ku mulango mmoja tu: Lukuga, hapa kwetu Kalemie. Lukuga inaingia Lualaba, Lualaba ndiyo Kongo yenyewe, inapita Kisangani, Kinshasa, Matadi, mpaka Atlantiki. Malagarasi yenu ya Tanzania inamwaga ku ziwa hilo hilo. Kwa hiyo mvua ikinyesha Tabora upande wa Malagarasi, hayo mayi yanapita mbele ya nyumba yangu. Kwa hesabu ya mito, si sisi tunaomba kuingia Afrika Mashariki. Nyinyi wa Kigoma ndio muko Kongo.

Chumvi Kidogo:
Karanga zimeisha.

Kobe Mwerevu:
"Muko" ndiyo nini?

Omera wa Kisumu:
Wueh. Umepigwa na ziwa zima na bado unasahihisha insha.

Mwana Ujiji:
Nimekuwa nasoma kimya kimya, lakini hapo kwa Mama Kalemie imebidi niingie. Mama yuko sahihi kuhusu maji, na sisi tunalijua hilo tangu shule. Ila msilifanye utani. Watu wa Kigoma tumeitwa Wakongo na Warundi tangu tunazaliwa. Nilipofuatilia kitambulisho kwenye ofisi moja, niliulizwa babu yangu alizaliwa wapi, nikajibu Ujiji. Nikaulizwa tena, nikajibu Ujiji. Mara ya tatu wakaniambia nimlete. Babu alikufa 1988. Mwenzangu wa Moshi aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni hakuulizwa kuhusu babu yeyote, na Moshi na mpaka wa Kenya ni pua na mdomo. Kwa hiyo mkishachora hizo kanda zenu, kumbukeni kuna watu wanaishi juu ya mstari.

Kobe Mwerevu:
Pole kwa hilo, kaka. Lakini utaifa na kanda ni vitu viwili tofauti.

Mwana Ujiji:
Vitofautishe wewe. Yule wa dirishani hakuvitofautisha.

Mama Kalemie:
Ndugu yangu wa Ujiji, karibu Kalemie. Huku watakuita Mutanzania, utapumzika.

Bint Mkunazini:
Na sie Wazanzibari je? Mpira wa CECAFA, mashindano ya ukanda huu, tunacheza kama nchi, tukivuka tu CECAFA hatupo. 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, walitupokea Machi, Julai wakatufuta. Uanachama wa miezi minne! Hiyo kanda yetu ipi?

Kobe Mwerevu:
Tafadhali usilete Muungano hapa.

Bint Mkunazini:
Kaleta nani? Nimesema mpira.

Mzee Kiroboto:
Mjukuu, hata mimi nimeusikia Muungano hapo.

*(Kurasa mbili za Muungano.)*

Baba Neema:
Wakuu, nimesoma zote, hata zile za Muungano. Daftari limerudi, alama ni zile zile, na binti kaniomba nisimwandikie tena mwalimu. Swali la leo: "Taja nchi nne za Afrika Magharibi." Kaanza na Mauritania.

Kobe Mwerevu:
Mwambie aifute haraka. Mauritania ilijitoa ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, 2000, na Umoja wa Afrika unaihesabu Kaskazini.

Bint Mkunazini:
Aiwache hapo hapo! New York wanaiweka Magharibi. Na si wewe uliyesema mwalimu yuko sawa? Si kasema jumuiya si jiografia?

Kobe Mwerevu:
Dada, nilisema yuko sawa *kwa Kongo*. Soma vizuri.

Omera wa Kisumu:
Mauritania walimpigia nani?

Utingo Mstaafu:
Foleni imesogea. Lori mbili.