Wafuga kasuku wa kwenye ghorofa hapa Arusha, kelele za ndege wenu mmezitengeneza wenyewe

Wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitajifanya kuwa sina. Ninaishi katika jengo la nyumba za kupanga upande wa Njiro, na mpangaji wa juu yangu anafuga kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, ambaye tundu lake linaning'inia kwenye roshani mwaka mzima, inyeshe isinyeshe. Ndege huyo huanza mayowe kabla jua halijachomoza, hutulia kidogo mchana, huanza upya jioni, na usiku taa ya ulinzi ya uani ikimmulika usoni huropoka hadi saa ambazo hata mbwa wa mtaa wamekwisha kunyamaza. Mimi ninafanya kazi ya zamu hospitalini, ghorofa ya chini yupo mzee anayeuguza kidonda cha upasuaji, na mlango unaotazamana na wangu kuna mama mwenye kichanga. Sote tumemwendea mwenye ndege kwa adabu, kila mtu kwa wakati wake na baadaye kwa pamoja, na jibu limekuwa lile lile: "Dada, huyo ni ndege tu, hana akili, sasa mnataka nimfanyeje?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike, maana hakuna neno hata moja la kweli ndani yake.

Tuanze na hilo la akili. Kasuku wa kijivu ni miongoni mwa ndege waliochunguzwa kwa kina kuliko wengine wote duniani kwa sababu ya akili zao. Mtafiti wa Marekani, Irene Pepperberg, alimfundisha mmoja aliyeitwa Alex kuanzia mwaka 1977 hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007 akiwa na miaka 31, na Alex alijifunza maneno zaidi ya 100, yakiwemo majina ya vitu, rangi na maumbo, akaweza kuhesabu vitu hadi 6 na kusema kipi ni kikubwa kuliko kingine. Lakini hatuhitaji kwenda Marekani. Kasuku wa jirani yangu anaiga mlio wa mita ya LUKU umeme unapokaribia kwisha, kwa ufasaha ambao umetuinua vitini wapangaji wote tukakague mita zetu. Anaiga honi ya gari la bwana wake, na mlinzi ametoka mbio kufungua geti mara nyingi hadi sasa anachungulia kwanza. Na sentensi anayoitamka vizuri kuliko zote, kwa sauti ile ile ya bwana wake na kwa ghadhabu ile ile, ni "Nyamaza wewe!"

Naomba mtafakari maana ya sentensi hiyo, kwa kuwa kesi yangu yote imo humo. Kasuku hashiki maneno kwa bahati nasibu. Hushika yale anayoyasikia mara kwa mara, hasa yanaposemwa kwa msisimko mbele yake. Ndege akikaririshwa "Nyamaza wewe!" hadi akaijua kuliko jina lake, basi kila alipopaza sauti alijibiwa kwa kufokewa. Kwetu binadamu kufokewa ni adhabu, lakini kwa ndege anayeishi peke yake ndani ya nyaya tangu asubuhi hadi usiku, mtu kutoka ndani, kusimama mbele ya tundu na kumpigia kelele ni mazungumzo, tena pengine ndiyo mazungumzo pekee anayoyapata siku nzima. Alipaza sauti, mtu akaja. Kesho atapaza tena, na zaidi. Jirani yangu amekuwa akimfundisha ndege wake kupiga mayowe kwa bidii ambayo wengi hawaweki hata katika masomo ya watoto wao, halafu anatuambia hana la kumfanya.

Wanaosema "ndivyo walivyo" wana nusu ya ukweli, na nitawapa hiyo nusu. Kasuku huishi kwa makundi, na huko msituni huitana asubuhi wanapotoka kwenda kutafuta chakula na jioni wanaporejea kulala, ili kila mmoja ajue wenzake walipo. Sisi wa Arusha tunaweza kulishuhudia hilo bila kununua ndege: wapo kasuku wa kijani wenye paji jekundu katika misitu ya Mlima Meru na Kilimanjaro, na anayepita pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha alfajiri atawasikia kabla ya kuwaona. Kwa hiyo hakuna anayemtaka jirani yangu afuge kasuku bubu. Dakika chache za kelele alfajiri na chache za magharibi tungezistahimili kama tunavyostahimili jogoo wa nyumba za nyuma. Tunacholalamikia ni saa baada ya saa za ndege anayeita kundi lisilokuwepo, kwa sababu mtu aliyemnunua anaondoka kwenda kazini gizani, anarudi gizani, na siku za mapumziko anakwenda Moshi kwa wazazi.

Sasa niseme mambo ambayo angeweza kuyafanya, maana nimechoka kuambiwa haiwezekani.

La kwanza ni kumwondoa pale roshani. Majengo yetu haya yana sakafu za vigae, kuta tupu na madirisha ya aluminiamu yasiyobana vizuri, na roshani zimepangana moja juu ya nyingine, hivyo sauti inayotoka kwenye ya juu humwagika kwa kila aliye chini yake. Tundu likiingizwa ndani, likawekwa kwenye kona yenye kuta mbili, sebuleni ambako watu hukaa, na chumba kikawa na zulia na mapazia mazito, kelele zitakazotufikia zitapungua hata kama ndege hajabadilika tabia. Atabadilika pia, kwa sababu kasuku mwenye ukuta nyuma yake hujiona salama kuliko aliye wazi pande zote, anayeshtushwa na kila mwewe, kunguru na bodaboda. Hamisho lifanyike kidogo kidogo, kwani ndege hawa huogopa mabadiliko ya ghafla. Mbali na hilo, mwezi wa saba hapa Arusha hata sisi wenye mablanketi tunatetemeka, na ndege wa misitu ya joto ananing'inizwa kwenye upepo usiku kucha!

La pili ni usingizi. Kasuku anahitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu kila usiku, na huku kwetu karibu na Ikweta usiku wenyewe una takribani saa 12, kwa hiyo asili imekwisha kufanya kazi yote na kilichobaki ni kutomharibia. Tundu lifunikwe jioni kwa kitambaa cheusi kinachopitisha hewa, mahali pasipo na televisheni wala taa. Asubuhi lisifunuliwe hadi mwenyewe awe tayari kuamka na kukaa naye. Lakini kumfunika mchana kutwa kama adhabu, jambo ambalo jirani yangu alilifanya baada ya malalamiko yetu ya kwanza, ni ukatili, na ndege alipofunuliwa alipiga kelele maradufu.

La tatu ndilo gumu, na ndilo linalohitaji mtu mwenye subira. Mwenye kasuku achague mlio mmoja anaoupenda, mluzi mwepesi au neno dogo, na kila ndege anapoutoa aitikiwe mara moja, aguswe, apewe kipande cha karanga. Anapopiga yowe asijibiwe kwa sauti, kwa uso wala kwa hatua. Mtu aendelee na shughuli zake, kisha amwendee pindi anaponyamaza, hata kama ni kwa sekunde chache tu. Siku za mwanzo kelele zitaongezeka. Hilo lazima mwenye ndege alijue na awaambie majirani mapema, kwa sababu ndege ambaye mayowe yake yalizaa matunda kwa muda mrefu hataacha bila kwanza kujaribu kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kukimbilia kwenye tundu kumfokea. Anayekata tamaa siku hiyo amemfundisha ndege wake kwamba yowe la kawaida halitoshi, linatakiwa kubwa zaidi. Sisi wapangaji tungekubali majuma ya tabu kama tungejua yana mwisho. Tatizo ni kwamba tunapata tabu hiyo hiyo bila mwisho.

Kuhusu upweke wa mchana, dawa yake ni kazi. Kasuku wa porini hutumia sehemu kubwa ya siku akitafuta na kubangua chakula, ilhali huyu anamiminiwa kopo la alizeti asubuhi, analimaliza upesi, kisha anabaki na mdomo wenye nguvu ya kuvunja kokwa na hana cha kuvunja. Chakula kifungwe ndani ya karatasi, kifichwe kwenye magunzi ya mahindi, kiwekwe ndani ya boksi alirarue. Apewe matawi ya mpera ayatafune hadi yaishe. Atolewe tunduni jioni atembee na kupanda. Alizeti peke yake si mlo, kwani ina mafuta mengi na vitamini A kidogo, na karoti, boga na mchicha havina bei ya kutisha katika soko lolote la mji huu. Ila parachichi asipewe kamwe. Nalisema kwa sababu tunaishi katika mikoa ambayo parachichi humwagwa hadi kwa ng'ombe, na watu hudhani tunda zuri kwa mtoto ni zuri kwa ndege, kumbe huweza kumuua.

Kasuku huyu sasa ameanza kujing'oa manyoya, kifua kimebaki kipara. Hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa au ya msongo, na vyote viwili vinahitaji daktari wa mifugo. Mwenyewe amesema ni joto. Arusha, joto!

Sitaki mtu aniletee ushauri wa njia za mkato. Mpangaji mmoja kati yetu alipendekeza ndege achanganyiwe dawa ya mafua inayoleta usingizi kwenye maji, mwingine akasema tumfungulie usiku aende zake. Zote mbili nimezikataa. Ndege aliyelelewa tunduni hajui kujilisha wala kukimbia mwewe, na kasuku wa kijivu si wa huku hata kidogo: hapa Tanzania makazi yake ya asili ni kule Kagera, kwenye misitu kama Minziro mpakani na Uganda. Wapo pia wanaoshauri anunuliwe mwenzake wa kumliwaza. Mtu aliyeshindwa kumtunza mmoja apewe wa pili, nasi tusikilize kwaya?

Mwenye nyumba tulimpigia simu. Alitusomea mkataba, ambao unakataza mbwa, mbuzi na kuku, akasema kasuku hakutajwa na kodi ya miezi sita imekwisha kulipwa. Ofisi ya mtaa tulikwenda, tukachekwa. Baa ikipiga muziki hadi usiku wa manane watu wanajua pa kulalamika, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu mwaka 2015, lakini ukitamka neno kasuku kila afisa anadhani umekuja kumchekesha.

Basi nikasoma sheria nyingine. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwajibisha anayefuga mnyama amtunze bila kumtesa, na sidhani kama kifua kipara na usiku wa baridi chini ya taa vinaitwa matunzo. Kisha kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, ambayo haimruhusu mtu kumiliki mnyamapori bila kibali. Tena kasuku wa kijivu amewekwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, kwa uamuzi uliofikiwa Johannesburg mwaka 2016, yaani biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku, kwa sababu misitu mingi ya Afrika imekombwa ndege hawa ili wakaning'inizwe kwenye roshani za watu wasiokuwa na muda nao. Jirani yangu alipoulizwa amempata wapi, alisema aliletewa na rafiki kutoka Bukoba, ndani ya kapu, kwa basi. Alisema hivyo mbele ya watu, akicheka.

Ninaomba wanaowafahamu madaktari wa mifugo wanaotibu ndege, Arusha au Moshi, waniandikie chini ya uzi huu, maana huyo ndege atahitaji mtu hata kama mwenyewe hataki. Ndege hawa huweza kuishi miaka 40 na kuendelea, mpangaji anaweza kuhama kesho, lakini kasuku atahamia juu ya kichwa cha mtu mwingine akiwa na "Nyamaza wewe!" yake.

Na wewe jirani, najua unasoma humu, kwa kuwa ni wewe uliyenionyesha jukwaa hili. Jumapili tuna kikao cha wapangaji pale uani. Tundu liwe limekwisha kuingia ndani kabla ya siku hiyo, na uje na kibali cha kumiliki ndege huyo, tukione. Usipokuja nacho, barua yangu kwa ofisi ya wanyamapori imekwisha kuandikwa, na nakala yako nitaipitisha chini ya mlango Jumatatu nikitoka zamu.