Gumzo la familia: macho ya Ma Mdogo

Ma Mdogo Maskati: [picha]
Asalaam aleikum nyote. Kabla hamjaanza kuulizana pembeni, mie mzima, sijapigwa wala sijaanguka, juzi nimefanya operesheni ya kope za juu, ile ngozi iliyokuwa imeniangukia machoni imepunguzwa. Ndo hivyo.

Mjomba Tanga: Subhanallah!! mie nilijua shemeji kaingia ulingoni

Mjomba Tanga: si ulituaga unakwenda Salalah kupunga upepo wewe?

Ma Mdogo Maskati: Salalah ntakwenda nikifunguka macho 😒

Shangazi Unguja: Pole wifi yangu jamani, hilo la kushoto limefura kama andazi. Unaona lakini?

Ma Mdogo Maskati: Naona, ila ukungu ukungu kwa sababu ya marhamu wanayonipaka. Maumivu si makali kama nlivyodhani, ni kama kunavuta tu. Kinachonitisha nikishika kope sisikii kitu, utasema si yangu

Bibi: (naandika mimi mjukuu, bibi ndo anasema) Bibi anauliza kwani macho aliyokupa Mola yalikuwa na kasoro gani. Anasema na yeye ngozi imemwanguka na uzi kwenye sindano anatunga mwenyewe mpaka leo

Ma Mdogo Maskati: Shikamoo mama. Mama ilikuwa nikipaka wanja asubuhi adhuhuri umeshahamia juu, ngozi imelalia kope, kutwa nimenyanyua paji la uso ndo nione vizuri, jioni kichwa kinaniuma. Na sitadanganya mtu humu, walinipima upana wa kuona bima wakasema ngozi haijaziba kiasi cha wao kulipa, kwa hiyo ni urembo na nimelipa kwa pesa yangu mwenyewe ya biashara ya vitambaa. Msinichangie wala msinihutubie

Shangazi Unguja: Haya limeisha hilo

Kaka Mkubwa: Pole Ma Mdogo. Nimetumiwa hii kwenye kikundi cha msikitini, mafuta ya habasoda matone mawili kila jicho, au marashi ya waridi, kidonda kinakauka haraka sana

Dada Nesi: HAPANA. Kaka tafadhali futa

Dada Nesi: Nimetoka shifti sasa hivi ndo naona. Ma Mdogo shikamoo, pole. Usitie habasoda, usitie marashi, asali wala chochote ambacho daktari wako hakukuandikia. Hapa wodini tunapokea watu jicho lilikuwa na tatizo dogo wakalimaliza na dawa za kwenye simu

Kaka Mkubwa: *Ujumbe huu umefutwa*

Ma Mdogo Maskati: Marahaba mwanangu, ndo nlikuwa nakungoja wewe. Leo limevimba kuliko juzi nlivyotoka, ni sawa?

Dada Nesi: Ni kawaida, uvimbe unapanda mpaka siku ya 2 au ya 3 halafu ndo unaanza kushuka, na asubuhi utakuwa mkubwa kuliko jioni kwa sababu ulikuwa umelala. Lala chali, mito miwili chini ya kichwa. Barafu bado unaweka?

Ma Mdogo Maskati: Naweka pakiti ya njegere za friza, moja kwa moja, zinakaa vizuri kwenye jicho

Dada Nesi: Njegere sawa ila zifunge kwenye kitambaa kisafi, dakika 10 hadi 15 unatoa. Kope ina ganzi sasa, baridi ikikuunguza hutajua, na ngozi ya hapo ndo nyembamba kuliko ya mwili mzima. Dawa ya maumivu panadol tu. Usile aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni mpaka daktari akuruhusu, zinaweza kuchochea damu kutoka

Ma Mdogo Maskati: Baba watoto anasema nikilala jicho moja linabaki wazi kidogo, kaogopa masikini

Dada Nesi: Siku za mwanzo hutokea, kope imevimba na imekaza. Ndo maana ya marhamu usiku na matone mchana, jicho lisikauke. Mwambie daktari siku ya kutoa nyuzi, nyingi zinatolewa siku ya 5 hadi ya 7. LAKINI jicho moja likianza kuuma ghafla sana, likavimba likawa gumu likatokeza nje, au ukaanza kuona kiza, hapo usitume picha humu, nenda emajensi hata kama ni saa nane usiku. Ni nadra ila damu ikijikusanya nyuma ya jicho yanahesabiwa masaa kabla hujapoteza kuona. Na usaha au homa pia usingoje

Bibi: Bibi anauliza je anasali vipi, maana kuinama

Ma Mdogo Maskati: Nasali kwenye kiti mama, sijda kwa ishara, wamenikataza kuinama na kubeba vizito

Bibi: Anasema vizuri. Anasema na huyo mtoto wa jirani anayekuja kufukiza udi ndani asije, moshi utakuwasha macho. Na usikate vitunguu

Dada Nesi: Bibi namba moja 😂

Bi Harusi: Ma Mdogo pole jamani, samahani naomba niulize, harusi yangu bado wiki tatu, utakuja kweli? na hiyo rangi ya zambarau machoni kwenye picha..

Ma Mdogo Maskati: Ntakuja hata kwa miwani nyeusi

Dada Nesi: Damu iliyovilia itageuka kijani kisha njano, kwa wengi wiki mbili imeisha. Wanja na maskara kwa kawaida baada ya wiki mbili kama kidonda kimefunga na daktari kakubali, na nunua kipya, si kile kikopo chako cha tangu enzi. Mstari wa kidonda utabaki na rangi kwa miezi, umo kwenye mkunjo hautaonekana sana

Shangazi Unguja: Na keloidi, yale makovu yanayovimba? ukoo wetu huu kutoboa sikio tu ni balaa

Dada Nesi: Kwenye kope keloidi ni nadra sana shangazi, hata kwa watu wenye nazo masikioni. Ila Ma Mdogo acha kujipima kwenye kioo, jicho moja litashuka uvimbe kabla ya jingine, utalia bure

Ma Mdogo Maskati: Nshalia tayari, tena chumvi ya machozi inachoma

Mjomba Tanga: Swali tu jamani si kwa ubaya. Hii mifuko ya CHINI ya macho nayo wanatoa?

Bi Harusi: 😂😂😂😂

Shangazi Unguja: Aliyekuwa anacheka shemeji yuko ulingoni!!

Dada Nesi: Wanatoa Mjomba, ni operesheni nyingine hiyo. Tuanze na presha yako, kesho asubuhi pima nitumie namba, na useme kweli kama vidonge unameza