Kwa nini binadamu hajakanyaga tena Mwezini tangu 1972?

Swali: Eugene Cernan na Harrison Schmitt, wanaanga wa safari ya Marekani iitwayo Apollo 17, waliondoka Mwezini Desemba 1972, na tangu hapo hakuna aliyeukanyaga. Ikiwa uwezo ulikuwepo, ni nini hasa kilichozuia?

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu, kilichokwisha ni utashi wa kisiasa. Katikati ya miaka ya 1960, Marekani ilipokuwa ikishindana na Umoja wa Kisovyeti kufika Mwezini, NASA, shirika lake la anga, ilipata zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali kuu. Leo haifikii hata asilimia 1. Ushindi ulipopatikana, safari za Apollo 18, 19 na 20 zilifutwa, ingawa roketi zilikwisha kuundwa.

Mchangiaji wa pili: Naafiki, lakini tusilidharau vumbi. Kwa kuwa Mwezini hakuna upepo wala maji ya kulilainisha, chembe zake zina ncha kali kama vigae vya kioo, nazo zilikwaruza kofia na kukaza viungo vya mavazi ya wanaanga ndani ya siku tatu tu. Kwa maoni yangu, anayetaka kukaa huko wiki kadhaa atasumbuliwa zaidi na hilo kuliko roketi.

Muulizaji: Nashukuru sana. Sikuwahi kulifikiria vumbi kabisa.