Mtoto anatulia darasani ila hali chakula: nimkatishe dawa za ADHD?

mama_chikongola:
Wakubwa shikamooni. Niko Mtwara mjini, mwanangu ana miaka 8, yuko la pili. Ukimtuma chumvi, kabla hajafika dukani kashasahau, utamkuta juu ya mwembe wa jirani. Baba yake akampeleka Dar. Daktari aliuliza mengi, akataka na maelezo ya mwalimu, akasema ni ADHD, yaani ubongo unashindwa kutulia na kuzingatia, akamwanzishia dawa ya methilifenideti, miligramu 5 asubuhi na mchana.

Huu mwezi wa pili. Daftari limejaa, mwandiko unasomeka, nililia nilipoliona. Lakini chakula cha mchana hagusi, na kutoka kilo 24 nimempima jana nimekuta 22. Mama mkwe anasema namlisha mjukuu wake dawa za kulevya, nizimwage, Desemba aende jando atanyooka. Nimkatishe?

mkorosho_mkavu:
Mwaga. Sisi tulichapwa tukatulia.

baba_nachingwea:
Mkuu hapo juu, mimi nilichapwa sana na sikutulia. Wangu ana miaka 11, dawa hiyohiyo mwaka wa tatu. Mwanzoni tulikosea, kidonge kilitangulia uji. Geuza dada, ashibe kwanza ndipo ameze. Kidonge cha kawaida kinafanya kazi kama saa 4 tu, kikiisha njaa inarudi, tena ya fisi. Sisi asubuhi ni uji mzito wenye korosho za kusaga, usiku ugali, na kabla ya kulala anakula tena. Cha mchana kisichelewe, ukimpa jioni mtakesha wote.

nesi_mstaafu:
Mama, mkweo hajatunga. Dawa hii inadhibitiwa kisheria kwa sababu wapo wanaoitumia vibaya, ndiyo maana haitolewi bila cheti. Ila kwa mwenye ADHD, kwa kipimo cha daktari, inaongeza kemikali za dopamini na noradrenalini kwenye ubongo, breki zikashika. Haiponyi. Siku asiyomeza atarudi yuleyule wa mwembeni.

Kilo 2 kwa mtoto wa umri huo usizisubirishe mpaka kliniki ijayo. Mpigie daktari wiki hii. Anaweza kupunguza dozi, kubadili saa au kumpa dawa nyingine. Usiamue peke yako. Kila mkienda apimwe uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo, na kama kwenu kuna aliyefariki ghafla kwa moyo, sema. Jando ni mila yenu, aende, ila lisiwe badala ya matibabu.

binti_mikindani:
Cha mchana anampa nani? Wa dada yangu alikuwa anavificha, tukavikuta kwenye kopo la gololi!

mama_chikongola:
Nimecheka huku naogopa, maana anabeba mwenyewe kwenye begi. Nimevihesabu, viko sawa, ila kuanzia Jumatatu atavitunza mwalimu wake.

Daktari nimempata. Kauliza nilimpimia wapi, nikasema mzani wa korosho. Kacheka, kaniambia nimpeleke zahanati nimtumie uzito wa kweli ndipo aamue dozi, na kwa sasa nisikatishe. (Mizani ya korosho tunaijua wenyewe.)

Mama mkwe nimempa lile daftari. Kaligeuza, kaligeuza, kaniuliza, "Hili la nani?"