Simu ya kibodi ya vitufe inayokubali Linux, ipi ya kutembea nayo kila siku?

vidole_vinene
Wakuu habari za jioni. Kibodi ya skrini imenishinda, nikiandika "nakuja" inatoka "nakula" na wife anaanza maswali. Nimepunguza hadi tatu: PinePhone na kava lake la kibodi, F(x)tec Pro1, na Unihertz Titan. Nataka nifute mfumo uliokuja nao niweke wangu bila kumuomba mtu ruhusa, ila hela za simu lazima ziende maana hata mama ntilie wangu siku hizi anataka umrushie. Naombeni uzoefu.

mzee_wa_maemo
Mie ugonjwa huu nilianza na Nokia N900 ya 2009, simu ya Linux yenye kibodi, RAM MB 256 tu na tulikuwa tunafungua teminali (dirisha la kuandikia amri) ndani ya daladala, kwa hiyo nakuelewa. Titan itoe. Vitufe vyake vitamu, viko chini ya skrini kama BlackBerry, lakini LineageOS rasmi, ile Android huru ya kujiwekea mwenyewe, haina, ukichoka na Android yake utahangaika mwenyewe. Na ukikutana na BlackBerry KEY2 ya mtumba pita kama hujaiona, butiloda, yaani kiprogramu kinachowasha mfumo, imefungwa, huweki mfumo mwingine.

swichi_sita
PinePhone mkuu, raha yake ni kwamba inawaka kutoka memori kadi, leo unajaribu postmarketOS kesho Mobian, zote Linux za simu, ukiharibu unachomoa kadi maisha yanaendelea. Ukifungua kava la nyuma kuna swichi sita ndogo, unazima modemu, maiki, kamera, kimoja kimoja. Lile kava la kibodi lina betri yake ya mAh 6000 na linaigeuza kuwa kalaptopu, sasa usije ukasema ni simu ya mfukoni. Halafu ukishalivalisha chaji kupitia tundu la kibodi, usichomeke waya kwenye simu yenyewe utaunguza vitu. Kasi? Prosesa ni Allwinner A64 na RAM ya GB 2 au 3, kaa na subira kama unasubiri pweza aive.

vidole_vinene
Na hela je?

swichi_sita
USSD, zile namba za nyota na reli, inapita kwenye programu ya kupigia ya Phosh (sura ya skrini ya Linux za simu), kwa hiyo *150*00# unapiga. Menyu ya laini, ile inayokuja na SIM kadi, ndo sahau, na apu za benki pia sahau.

mombasa_raha
Huku Kenya vilevile bana, tumezoea menyu ya laini lakini *334# iko. Mimi ningekwambia Pro1. Skrini inateleza kibodi inatokea ubavuni, Snapdragon 835, RAM GB 6, LineageOS rasmi ipo, yaani unabaki na Android ya kawaida ila huru. Ubaya ni kuipata, mpya hakuna, utavizia za mtumba ng'ambo na kioo kikipasuka hapo umeisha, fundi wa mtaani atakushangaa. Apu za benki nazo zikishagundua umefungua butiloda nyingine zinagoma, hiyo jiandae.

mzee_wa_maemo
Ndo maana mie bado nasema PinePhone pamoja na ukobe wake. Betri yake ni umbo la Samsung J7, ikifa hutumi mtu Ulaya.

vidole_vinene
Subiri kwanza, J7?? Ya bimkubwa ilipasuka kioo mwaka juzi iko kwenye droo na betri yake. Basi naanza na PinePhone, benki nitaendelea na hii hii yenye nakula nakula.