Darasa la vipindi vya TV sekondari: masharti gani?

Wakuu, nafundisha kutengeneza vipindi vya TV, kidato cha tatu hapa Dodoma, wanafunzi 30, kamera mbili. Niwabane wapi?

— Daftari la vifaa kwanza. Anayechukua kamera asaini na kuhesabu betri na kadi za kumbukumbu mbele yako. Akirudisha, vivyo hivyo. Lenzi isibadilishwe nje: vumbi letu likiingia kwenye sensa (kipande cha ndani kinachonasa picha), kila picha ina madoa.

— Zamu zibadilike kila wiki, la sivyo mmoja atang'ang'ania kamera. Kinachoharibu kazi nyingi ni sauti: hedifoni masikioni, kilele cha sauti kwenye mita ya kamera kiishie -12 desibeli. Sauti ikizidi kiwango na kupasuka haitengenezeki. Na upepo huu bila sponji kwenye maiki? Kelele tupu.

— Simu zizimwe kabisa. Mtetemo mezani unanaswa. Shata (muda wa kamera kupokea mwanga) iwe 1/50 ya sekunde, taa zisipepese kwenye picha. Kadi isifutwe kabla ya nakala mbili.

— Nimeelewa, asanteni.